Mwanya wa Tatu

Odanak, 8 Septemba 1986

Agat, mpwa wangu,

Kwai. Hapa sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mahindi tumevuna, na mto umeshuka hadi mtu anaweza kuuvuka bila kulowa mapaja.

Jirani yetu Mali-Zan alipita kwenye makumbusho mnakofanya kazi akitoka kwa dada yake. Alikata tiketi kama mgeni ili akuone, na amerudi na habari nisiyoipenda. Anasema ulikuwa umekaa mbele ya nyumba ya magome, unasuka kikapu na kuwaeleza Wazungu jinsi tunavyoliponda gogo mpaka likaachia chane, na jicho lako la kulia lilikuwa limevimba, jeusi tii. Ulipomwona ulijifanya unaingia ndani kutafuta nyasi za kusukia, hukutoka tena.

Mali-Zan hutia chumvi, wote twamjua. Lakini kwa jicho hakucheka, na yeye hucheka hata mazikoni.

Vile vishoka nilivyowachongea kwa ajili ya igizo lenu vimefaa? Nilichagua mti laini kuliko yote. Ukimgonga nao mtoto kichwani atadhani unamchezea.

Na mumeo Azo, mwambie bado nasubiri kikapu cha kwanza cha chane alizochana kwa kichanio nilichompa siku ya arusi yenu, kile kishikio chenye meno ya chuma ya kuchania. Asinicheke kwa ule mwanya wa tatu. Meno yote manne niliyakata kwenye springi ya saa ya bibi yako, lakini nilipokuwa nalichomeka la mwisho kisu kikateleza, mwanya ukatoka mpana kidogo kuliko wenzake. Chane yoyote iliyopita hapo nitaijua hata nikiwa nimefumba macho.

Nijibu habari ya jicho kwanza, mengine baadaye.

Mjomba wako,
Plaswa

*

Makumbusho, Vermont, 14 Septemba 1986

Kwai Mjomba,

Mali-Zan ana macho makali na mdomo mrefu zaidi. Ni kweli jicho liliumia, lakini ni igizo tu.

Ngoja nikueleze maana hujawahi kuliona. Kila Jumamosi saa nane mchana wageni wanakaa kwenye mabenchi pale kilimani. Sisi Waabenaki tuko chini, tunapika, tunatwanga mahindi, watoto wanakimbizana. Halafu makoti ya kijani, wale askari wa Waingereza walioichoma Odanak zamani, yanatoka msituni. Wako arobaini, wakulima na walimu na karani mmoja wa posta, lakini wakishavaa koti wanabadilika sura. Wanapiga baruti, wanachoma nyumba ya mwisho, ile tunayoijenga upya kila wiki, wanatuburuta kwa nywele. Mimi nafia kando ya kinu. Azo anafia mlangoni akinitetea, na akina mama wanamlilia. Juzi bibi mmoja alimfuata baadaye akambusu mkono. Kisha tunalala tumekufa robo saa nzima, sisimizi wanakuingia masikioni, huku mtangazaji akisoma hesabu yetu.

Basi Jumamosi ile mmoja wao alipandwa na mori, kiwiko kikanipata. Bahati mbaya tu.

Azo anakusalimu. Kichanio chako anacho mfukoni kila siku. Hata akilala kiko kando yake.

Wako,
Agat

*

Odanak, 22 Septemba 1986

Agat,

Usinizunguke. Nimemkalisha Mali-Zan chini nikamhoji kama polisi. Anasema ulipoinuka ulishika ubavu kama mwanamke aliyevunjika mbavu. Kiwiko kimoja hakifiki jichoni na ubavuni kwa safari moja. Na vishoka vyangu haviwezi kumvimbisha mtu jicho, najua nilichochonga. Kwa hiyo kuna mtu anatumia ngumi, kwa makusudi, tena mbele ya watu wanaopiga makofi.

Bibi yangu alinipakata akanisimulia yalivyokuja makoti hayo alfajiri hapa hapa kijijini, nyumba gani iliwaka kwanza, nani alikimbia na mtoto yupi mgongoni. Alisimulia kana kwamba ilikuwa wiki iliyopita, na yeye alisimuliwa na bibi yake. Nilikuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo nikiliona koti la kijani, hata la mvua, mkono wangu unakunja ngumi wenyewe.

Na Azo anafanya nini? Nimemlea kijana yule tangu ana miaka kumi na miwili, nimemfundisha kuchagua mti, kuuponda, kuuchana. Nilikupa mtu wa mikono yangu mwenyewe. Mwambie aache kufia mlangoni kila Jumamosi, ainuke amkomeshe huyo mshenzi.

Nitajie jina. Usiponitajia nitakuja niwaulize mmoja mmoja.

Plaswa

*

Makumbusho, 29 Septemba 1986

Mjomba,

Anaitwa Wendell. Mrefu, ndevu nyekundu, anafundisha useremala shuleni. Ndiye anayeniua kila Jumamosi. Sasa umelijua, nakuomba ulale nalo huko huko. Igizo la mwisho ni tarehe 11 Oktoba, baada ya hapo tunafunga mpaka majira ya kuchipua, naye sitamwona tena.

Usije. Nakusihi usije.

Naandika upesi. Azo ananisubiri, anataka kuisoma barua kabla sijafunga bahasha.

Agat

*

Makumbusho, 13 Oktoba 1986

Mjomba,

Wamenikatalia kukuona hadi Ijumaa, basi barua hii nimemwachia askari wa mahabusu.

Sijui kama unakumbuka ulichofanya au macho yalikuwa yameingia giza. Mimi nilikuwa nimelala chini, nimekwisha kufa. Wendell alikuwa amesimama juu yangu na kishoka chako. Nikasikia wageni wanashangilia, nikafungua jicho moja, nikakuona unashuka kilimani katikati ya mabenchi na rungu la kupondea magogo begani, unachechemea kwa goti lako, shati la kanisani mwilini. Walidhani umo kwenye igizo, Mjomba. Walidhani mwishowe Waabenaki wameletewa mzee wa kuwaokoa. Walisimama wakapiga makofi.

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili tayani, nikalisikia taya likivunjika kama kuni kavu. Damu ikanirukia usoni, ya moto, nikajua hiyo si ile rangi tunayochanganya na sharubati. Na bado wanapiga makofi. Alikuwa amepiga magoti anatema meno na wewe unainua la tatu, na mtoto mmoja kule juu anapiga mbinja kwa furaha. Nilikukumbatia miguu. Nadhani ndipo mama yake yule mtoto alipoanza kupiga mayowe.

Azo hakuinuka. Alilala pale mlangoni amekufa mpaka polisi wakaja.

Wendell yuko hospitali. Hajafa. Nimekuletea soksi na tumbaku.

Agat

*

Jela ya kaunti, 17 Oktoba 1986

Mpwa wangu,

Soksi zimefika, tumbaku wamevuta askari.

Nakumbuka kila kitu na sijuti. Usiku wa kwanza humu nililala usingizi ambao sijaupata tangu bibi yangu anisimulie yale mambo. Umri wangu ni sitini na tatu, nimeponda magogo miaka hamsini bila kupiga kitu kinachostahili.

Wakili wangu ni kijana mdogo lakini ana akili. Anasema ukisimama mahakamani mwezi wa pili ukaeleza jinsi yule mtu alivyokupiga Jumamosi baada ya Jumamosi, hakimu atanihurumia na huenda nikarudi nyumbani kabla theluji haijayeyuka. Usiposema, nitakaa sana. Kwa hiyo kula vizuri, tunza hizo mbavu, uje uwaonyeshe.

Mjomba wako mfungwa,
Plaswa

*

2 Novemba 1986

Bwana Plaswa,

Mimi ndiye uliyenivunja taya. Limefungwa kwa waya hadi Krismasi na siwezi kuongea, kwa hiyo naandika. Mke wangu amenikataza.

Sijawahi kumpiga Agat. Nilipopewa kazi ya kumuua nilimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba nitakiweka kishoka begani kwake taratibu nimwambie, "Anguka, dada," naye ataanguka. Ndivyo tulivyofanya mara zote sita. Kishoka hicho ninacho hapa mezani. Mimi ni seremala, nimekigeuza pande zote, na rangi uliyoipaka haijabanduka popote. Mti laini namna hii ukimpiga nao mtu kwa nguvu utabonyea. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Natia ndani kadi ya posta inayouzwa dukani kwetu. Ameketi anasuka, mkono wa shati ameukunja. Picha ilipigwa mwezi wa tano. Igizo lilianza Septemba, na mimi sikuwa nimekutana naye bado. Tazama mkono wake. Nilipomuuliza mwezi wa nane, tulipoanza mazoezi, alisema ni miiba. Miiba haichani mistari minne sambamba.

Sitaki chochote kwako. Nimeona tu kwamba umempiga mtu, na anayempiga Agat bado yuko naye nyumbani.

Wendell

*

Jela ya kaunti, 9 Novemba 1986

Agat,

Barua hii anakuletea Wendell mkononi kwa sababu nimekumbuka sasa nani husoma barua zako. Nilisoma mstari ule wa bahasha mwenyewe kwa macho yangu nikapita kama mjinga.

Kadi ninayo. Nimeitazama siku tatu. Mistari minne kwenye mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Mwanya wa kwanza na wa pili sawa, wa tatu mpana kidogo.

Niliyachomeka meno hayo kwa mkono wangu, mwanangu. Niliyanoa kwa jiwe la baba yangu. Nikamkabidhi mbele ya padri na kijiji kizima, watu wakala kuku.

Niambie lini, na mara ngapi. Usinifichie hata moja.

Plaswa

*

Makumbusho, 20 Novemba 1986

Mjomba,

Wendell anasubiri nje kwenye gari, kwa hiyo Azo hataiona hii.

Ilianza tulipofika huku. Wageni wanampenda. Wanamwita mwalimu, wanamuuliza juu ya amani na misitu, naye anajibu kwa sauti ya upole hadi watu wanafuta machozi. Mlango ukifungwa ananipiga pale nguo zinapofunika. Jicho lile lilimponyoka tu, na aliniomba radhi kwa sababu lilikuwa linaharibu kazi.

Kichanio kilikuwa mwezi wa nne. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini chane za Azo ni nene, na mimi kwa upumbavu nikacheka nikasema mjomba wangu angezitia motoni. Jioni akaniambia niweke mkono juu ya ubao wa kuchania. Alinikalia. Alivuta kutoka kiwikoni kwenda kiganjani, polepole, kama unavyotufundisha, bila kuinua. Akasema, "Mwulize mjomba wako kama hizi ni nene."

Sikukwambia kwa kuwa ulimpenda. Ulipokuwa unamtaja uso wako ulikuwa unang'aa. Nilifikiri nikikusemea mtu mwingine, mtu wa mbali, mwenye koti unalolichukia tangu utotoni, utaamini na utalala. Sikufikiri utapanda basi. Nilimtoa Wendell kafara kwa sababu nilijua utaamini bila kuuliza, na mwanamume amevunjwa taya kwa ulimi wangu, na jana ameniletea kuni.

Na sasa nifanye nini? Nikisema uongo mahakamani, wewe unatoka. Nikisema kweli, umempiga mtu asiye na kosa na watakufungia humo na goti lako. Na Azo atajua nimesema. Ameniambia kwamba nikifungua mdomo atashuka na meno yale hadi shingoni. Niambie tu niseme uongo, Mjomba. Nitausema vizuri, nimeshazoea.

Agat

*

Jela ya kaunti, 27 Novemba 1986

Agat,

Hapana.

Hii nayo anakuletea Wendell. Ondoka humo leo, si kesho. Mke wa Wendell ana chumba, nimeshawaandikia, na mwanamke huyo ana haki ya kunitemea mate lakini amekubali. Azo akiwa kwenye mkutano wa makumbusho, chukua koti lako. Na kichanio ukikuta amekiacha, kichukue. Mambo mengine yote yaache.

Halafu mwezi wa pili utasimama na kusema kweli, na kila neno litaniumiza, nami nitalisikiliza. Nilipiga koti, mwanangu. Mle ndani kulikuwa na mtu anayekuambia "Anguka, dada," na sikumwona. Na aliyekuwa amelala mlangoni nilimruka kwenda kumpiga huyo. Nilimruka kwa mguu huu, Agat, nilihofia nisimkanyage.

Usiniombee nitoke.

Plaswa

*

Jela ya jimbo, 20 Februari 1987

Mpwa wangu,

Wamenihamishia kwenye jela kubwa. Miezi kumi na minane. Wakili analia kuliko mimi.

Nataka ujue nilichokiona toka kule nilikokaa, maana wewe ulikuwa umefumba macho. Hakimu alipokuomba ukunje mkono wa shati, na karani akakilaza kichanio juu ya makovu, meno yote manne yalikaa kila moja mahali pake. Hata lile la mwisho. Nikasikia bomba la joto likigonga ukutani. Nilimtazama Azo. Alikuwa amevaa uso ule wa wageni. Nilitaka rungu langu, sitakudanganya. Nilikalia mikono yangu miwili.

Siku tisini kwake kwa kukuumiza. Mimi kumi na minane ya miezi. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea, kisha nikaacha.

Wendell alinipa mkono kwenye korido. Bado anaongea kama mtu aliyejaza uji mdomoni. Nilimwambia samahani, akasema, "Samahani imefika, mzee, lakini sitacheza na wewe igizo tena."

Rudi Odanak. Gogo langu liko kwenye maji nyuma ya banda, nililizamisha lisikauke. Barafu ikipasuka litoe, uliponde. Usiliache lioze kwa ajili yangu. Siku tisini zinaisha mwezi wa tano. Mwambie Mali-Zan.

Mjomba

*

Odanak, 26 Mei 1987

Kwai Mjomba,

Alikuja juzi.

Gogo lako nililitoa mwezi uliopita. Mikono ilichubuka, ikapona, sasa imekuwa migumu. Naponda kuanzia asubuhi. Unajua jinsi kijiji kinavyokuwa majira haya, kila ua na mapigo yake, Sesil mzee anaponda polepole, Mali-Zan anaponda kama anayedai haki, na mtu akiwa jikoni anajua nani amepumzika na nani ameendelea. Nilikuwa nimewaambia kwamba mimi sipumziki kabla ya kengele ya saa sita. Nikinyamaza kabla ya hapo, waje.

Aliingia kwa nyuma, kupitia banda. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi. Akaniambia kwa sauti yake ya wageni kwamba amenisamehe. Niliendelea kuponda. Akasema nimrudishie kichanio chake, ni zawadi ya arusi. Nikasema kiko mahakamani, akakifuate. Ndipo aliponipiga. Ngumi ya sikio, kisha akanishika nywele akanigonga uso juu ya gogo, mara mbili, na meno yangu mawili ya mbele yamebaki humo kwenye mti wako. Rungu likaanguka.

Ua wetu ukanyamaza. Nikiwa nimelala chini, damu mdomoni, nikasikia ua wa Mali-Zan nao unanyamaza. Halafu wa Sesil. Halafu zile nyumba za kule kanisani, moja baada ya nyingine, mpaka kijiji kizima kikawa kimya. Azo akainua kichwa. Amekulia hapa, alielewa.

Walikuja kumi na mmoja, kila mmoja na rungu lake. Mali-Zan alimpiga magotini akaanguka, na wengine wakaanza, mgongoni, mapajani, bila haraka, wanapokezana kama wanavyoponda gogo. Nilimsikia akiniita jina. Sesil ana miaka themanini na mmoja, Mjomba, na alipiga zamu yake.

Kisha Mali-Zan akamwekea mkono wa kulia juu ya gogo, ule wa kichanio, akainua rungu juu kabisa, akanitazama mimi. Nilimkumbuka Wendell amepiga magoti anatema meno, na wewe unainua la tatu. Nilimtaka alishushe. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Nikasema, "Mwacheni." Alikasirika sana, hadi leo haongei nami vizuri, lakini aliliweka chini.

Tulimbeba hadi darajani tukamwacha upande wa pili. Polisi walipokuja kuuliza, hakuna aliyeona kitu, watu walikuwa wanaponda.

Mimi nilinawa uso nikarudi kwenye gogo. Lazima ningelimaliza, likikauka haliachii. Chane zako ni nzuri, nyembamba, zinang'aa upande wa ndani. Ili kuzichana nimetengeneza kichanio changu mwenyewe, springi nimeitoa kwenye saa yako ya ukutani, utanisamehe. Meno manne. Mwanya wa tatu ni mpana kidogo.

Kisu hakikuteleza.

Adio, Mjomba. Kikapu kinakusubiri.

Agat